Kozi Fupi za Likizo Nairobi: Tazama Muhuri, Kisha Hesabu Saa

Msimu wa kozi fupi Nairobi haufuati jua, unafuata kalenda ya shule. Kuna Aprili, kuna Agosti, halafu kuna ule muda mrefu unaoanza Novemba, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wakishaweka kalamu chini na kubaki nyumbani miezi mingi wakisubiri matokeo na nafasi za vyuo. Hapo ndipo nguzo za stima kuanzia Ngara hadi Kawangware hufunikwa na mabango: pakeji za kompyuta, uokaji wiki nne, ususi na urembo, umeme wa sola, cheti mwishoni. Vyuo vya umma navyo havilali. Mihula yao huanza Januari, Mei na Septemba, kwa hiyo kati ya muhula na muhula karakana hubaki na mashine bila wanafunzi, na chuo chenye akili huzijaza kwa kozi za wiki chache.

Wazazi wengi wakipiga simu chuoni huuliza karo kwanza. Bei ni swali la tatu. La kwanza ni nani atakayetia sahihi kwenye cheti. La pili ni saa ngapi mwanafunzi atashika kifaa kwa mkono wake mwenyewe. Kozi mbili zenye jina moja, muda mmoja kwenye bango na karo inayokaribiana zinaweza kutofautiana kabisa katika hayo mawili, na tofauti hiyo huonekana baadaye sana, pesa zikiwa zimeshakwenda.

Mihuri inayochanganya watu

Bango likisema “Tumesajiliwa na TVETA”, msomaji hudhani cheti atakachopata kitatoka TVETA. Hakitoki huko. TVETA ni mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya 2013. Kazi yake ni kukipa chuo leseni, kuidhinisha kozi zinazofundishwa humo na kusajili wakufunzi. Haimtahini mwanafunzi wala haimpi cheti. Ichukue kama leseni ya matatu: inakuhakikishia gari limeruhusiwa kuwa barabarani, haikwambii linaelekea Rongai au Kikuyu.

Na hapo pana mtego wa pili. Leseni ya chuo na idhini ya kozi ni mambo mawili. Chuo kinaweza kuwa na leseni halali kabisa, kimeidhinishiwa kompyuta na ususi, kisha likizo inapokaribia kikaongeza “umeme wa majumbani” kwa sababu wateja wanauliza. Cheti cha leseni kitakuwa kimetundikwa ukutani pale mapokezi, halali, na bado kozi unayolipia haina idhini. Usiulize “mmesajiliwa?” Uliza “naomba kuona idhini ya kozi hii.” Mwenye nayo huitoa kwenye faili bila maneno mengi.

Cheti chenyewe kwa kawaida hutoka kwa mmoja kati ya wanne. KNEC, baraza la mitihani la taifa, limetahini kozi za ufundi kwa miaka mingi, kuanzia ngazi ya fundi hadi diploma. TVET CDACC ni baraza lililoundwa na ile sheria ya 2013, nalo hutunga mitaala ya umilisi, ile inayompima mtu kwa anachoweza kufanya, na kutoa vyeti vyake. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani yenye makao yake Commercial Street, Industrial Area, hutahini mafundi kwa gredi: ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza iliyo ya juu. Wa nne ni chuo chenyewe, kwa sahihi ya mkuu wa chuo na muhuri wa ofisi.

Kozi nyingi za likizo huishia kwa huyu wa nne. Si dhambi. Anayetaka kuoka keki za harusi na kuuza kwa majirani Kayole hahitaji baraza la taifa, kwani mteja ataonja keki, hatasoma cheti. Lakini kijana anayetaka kuandikwa na kampuni ya ujenzi, au kuomba nafasi ya serikali inayotaja “cheti kinachotambulika”, atakuta cheti cha ndani kimewekwa pembeni. Kosa ni chuo kutosema mapema. Kosa lingine ni mwanafunzi kutouliza.

Juu ya hao wote iko KNQA, mamlaka ya sifa za kitaifa, iliyotokana na sheria ya 2014. Yenyewe imepanga ngazi 10: shahada ya uzamivu iko ya 10, shahada ya kwanza iko ya 7, diploma ya 6, kisha cheti cha ufundi cha ngazi ya 5 na kile cha fundi cha ngazi ya 4. Ngazi hizi ndizo zinazofichua ulaghai wa majina. Ukiona “diploma ya miezi mitatu”, usihangaike kuuliza zaidi. Diploma ya ngazi ya 6 haipikwi kwa likizo moja, hata mwanafunzi awe hodari namna gani.

Je, kozi ya likizo huhesabiwa baadaye?

Wenye ndugu Marekani huuliza hili kwa sababu wamesikia habari za vyuo vya jamii vya kule, ambapo mwanafunzi husoma somo moja Juni na Julai na likahesabiwa kwenye digrii yake. Inawezekana kule kwa sababu somo la kiangazi ni lile lile la muhula wa kawaida, limebanwa tu. Somo la krediti 3 huwa na takriban saa 45 za darasani. Likisomwa kwa wiki 15 ni saa 3 kwa wiki, likibanwa kwa wiki 6 ni saa 7 na nusu kwa wiki, bila kuhesabu kazi ya nyumbani. Saa hazipungui, ndiyo maana krediti haipungui.

Huku kwetu jibu linategemea kozi imekatwa kutoka kitambaa gani. Mtaala wa umilisi wa TVET CDACC umegawanywa katika vitengo: vya msingi kama mawasiliano na matumizi ya kompyuta, vya pamoja vya fani, na vya kiini vya ufundi wenyewe. Ikiwa kozi ya likizo ni kitengo kimojawapo, na chuo kimekusajili kwa baraza ili utahiniwe katika kitengo hicho, basi ukifaulu unabaki nacho. Utakaporudi kusomea cheti kamili huna haja ya kukirudia. Ikiwa kozi ni ya kujitungia chuo, hata iwe nzuri, haina mahali pa kuingia.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni fupi: “Hiki ni kitengo gani cha mtaala, na nitasajiliwa kwa baraza?” Chuo kikikutajia msimbo wa kitengo na kukuonyesha muhtasari wake, uko mahali pazuri. Kikikwambia “itakusaidia mbele ya safari”, umepewa heri njema tu.

Utahini wenyewe hauko kama mtihani wa shule. Swali kuu ni kama mwanafunzi amemudu au bado hajamudu, na asiyemudu hurudia sehemu iliyomshinda. Ushahidi hukusanywa tangu siku ya kwanza katika faili: picha za kazi ukiifanya, karatasi za tathmini zenye sahihi ya mkufunzi, michoro, orodha za vifaa. Faili hilo ndilo linalowaangusha watu wa kozi fupi. Kozi ya miaka miwili ina muda wa kuokoa karatasi iliyopotea, ya wiki sita haina. Mwanafunzi aliyeunganisha bomba vizuri wiki ya pili bila kupigwa picha wala kusainiwa atalazimika kuliunganisha tena, na huenda wiki ya sita mabomba yameisha stoo.

Wiki hazina maana, hesabu saa

Bango huandika wiki kwa sababu wiki zinasikika nyingi. Kozi ya wiki 6 inayokutana Jumamosi tu, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, ina saa 18. Kozi ya wiki 6 inayokutana Jumatatu hadi Ijumaa kwa saa 4 kila siku ina saa 120. Zote mbili ni “wiki sita”. Ukishapata saa, gawanya karo kwa saa hizo. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Lakini saa za darasani nazo si saa za mkononi. Chukua uchomeleaji, kozi inayopendwa sana na vijana wa Kariobangi na Kangemi kwa sababu kazi ya madirisha na mageti haiishi. Darasa lina wanafunzi 15, mashine inayofanya kazi ni moja, kipindi ni saa 3. Dakika 180 ukizigawa kwa 15, kila mmoja ana dakika 12, hapo hatujahesabu stima kupotea. Ndani ya dakika hizo 12 atavaa glavu na kofia ya kinga, atabana waya wa ardhi kwenye chuma, atapiga cheche, atachomelea, atagonga lile gamba jeusi, atapiga brashi na kutazama mshono. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 huungua kwa takriban dakika moja. Kwa siku nzima atakuwa ameunguza vijiti vitano, labda sita. Mkono hautulii kwa vijiti sita.

Na mkono ndio kila kitu hapo. Kwa kijiti cha milimita 2.5 ampea huwa kati ya 60 na 90 hivi. Ikiwa chini mno kijiti hunata, mwanafunzi hukivuta kwa nguvu, kifuniko chake hupasuka na kijiti kimeharibika. Ikiwa juu mno, ile skwea tyubu nyembamba ya dirisha, yenye unene wa milimita moja na nusu, hutoboka tundu la kuingiza kidole. Cheche ikiwa ndefu kupita unene wa kijiti, chuma hurukaruka pembeni na mshono hushika juujuu tu. Vijiti vilivyoachwa wazi stoo miezi ya baridi hunyonya unyevu, na mshono hutoka na vitundu kama mkate. Mambo haya manne hufundishika kwa nusu saa ubaoni. Kuyasikia kwa mkono na kwa sikio, kwa maana cheche nzuri ina mlio wake wa kukaanga, kunahitaji mamia ya vijiti. Ndiyo sababu ukitembelea karakana, usihesabu mashine zilizopangwa. Hesabu zinazounguruma, kisha tazama ndoo ya takataka: vipande vifupi vya vijiti vikiwa vingi, watu wanafanya kazi.

Uokaji nao una hesabu yake. Keki ya kawaida hukaa ovenini nusu saa hadi dakika 40 kwa nyuzi 180, na mlango haufunguliwi katikati. Oveni moja ya nyumbani, wanafunzi 12, kipindi cha saa 3: keki zitakazotoka ni tatu au nne. Maana yake ni kwamba watu wanne wanne wanazunguka bakuli moja, mmoja anapiga mayai na watatu wanapiga picha. Uliza waziwazi kama kila mwanafunzi huoka keki yake kuanzia kupima unga hadi kuitoa kwenye chombo.

Hapo hapo mtahini mkufunzi bila yeye kujua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, hewa ni nyepesi, na mchanganyiko wa keki hufura haraka kabla kuta zake hazijashikamana, kisha hubonyea katikati. Mapishi yaliyoandikwa kwa Mombasa au kunakiliwa kutoka intaneti hushindwa huku bila kosa la mpishi. Dawa ni kupunguza beking poda, kwa kutoa kiasi kisichozidi robo ya kijiko katika kila kijiko kimoja, kuongeza maji au maziwa kidogo, na kupandisha moto wa oveni kidogo. Muulize kwa nini keki za watu hubonyea katikati. Akikujibu kwa habari za mwinuko, huyo ameoka Nairobi. Akikwambia ni kufungua oveni mapema basi, ni kweli nusu.

Pakeji za kompyuta hazihitaji maneno mengi. Mashine moja kwa kila mwanafunzi, la sivyo usilipe. Tazama orodha ya programu: bado kuna vyuo vinavyotumia wiki nzima kwa Publisher, programu ambayo Microsoft imetangaza itaacha kuihudumia baada ya Oktoba 2026. Wiki hiyo ingefaa kwenda kwa Excel. Ofisi itakayomwajiri kijana haitamuuliza rangi za herufi, itampa orodha ya risiti 400 na kumwambia atoe jumla ya kila tawi. Kozi isiyofika kwenye fomula za IF, utafutaji wa VLOOKUP na jedwali egemeo (pivot table) imeishia mlangoni.

Cheti si ruhusa ya kufanya kazi

Zipo fani ambazo hata cheti kizuri hakikuruhusu kuzifanya peke yako. Umeme ni mfano mkubwa. Anayefunga nyaya za nyumba anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na nyumba mpya haiunganishiwi stima na Kenya Power bila cheti cha kukamilika kwa kazi kilichotiwa sahihi na mwenye leseni. Sola nayo ina madaraja yake katika kanuni za 2012: T1 kwa mifumo midogo ya hadi wati 100, T2 kwa ya kati ya hadi wati 300, T3 kwa mikubwa, pamoja na ile inayounganishwa na gridi. Kozi ya siku tano inaweza kukuandaa kuomba leseni. Haiwi leseni.

Upishi wa kuuza unataka cheti cha afya cha mhudumu wa chakula, kinachopimiwa upya kila miezi 6. Hicho hakitoki chuoni hata kidogo. Kozi za kutunza wazee na wagonjwa, zinazovutia wanaotafuta kazi ng’ambo, zina nafasi yake, lakini baraza la wauguzi halimsajili mtu kuwa muuguzi kwa miezi mitatu. Ukiona bango linachanganya maneno “nesi” na “miezi mitatu”, pita.

Mahali pa kuanzia kutafuta

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tulivyovizoea kama polytechnic za kijiji, mikononi mwa kaunti. Ndiyo maana vituo vya ufundi vya Nairobi kama Waithaka na Kangemi viko chini ya serikali ya kaunti, si ya kitaifa. Karo zake kwa kawaida huwa chini, na mtu asiye na alama nzuri za KCSE, au asiye na KCSE kabisa, hupokelewa kwa kozi za ngazi za chini. Vyuo vya kitaifa, kama Kabete National Polytechnic ya Waiyaki Way iliyoanza 1924, vina karakana kubwa zaidi, na kozi zake za diploma huhitaji C- huku za ngazi ya 5 zikihitaji D. Kozi fupi, hata humo, kwa kawaida haziulizi alama. Kwa hoteli na upishi, Kenya Utalii College ya Thika Road imefundisha tangu 1975 na jina lake linajulikana na waajiri wa sekta hiyo.

Vyuo vya kibinafsi ni vingi kuliko vyote, na ubora wake ni kama mitumba ya Gikomba: kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na balaa katika furushi moja. Hapo macho yako ndiyo mizani. Nenda siku ya kazi, kama saa nne asubuhi, wakati masomo yanaendelea. Usikubali kuketishwa mapokezi na kijitabu cha picha. Omba kuona karakana, ratiba ya wiki hii na rejista ya mahudhurio. Zungumza na mwanafunzi mmoja akiwa nje kwenye kibanda cha chai, mbali na ofisi. Muulize vifaa huletwa na nani. Jibu la “tunachanga” linamaanisha karo uliyotajiwa si karo yote.

Na kwa kweli karo huwa na mkia. Kuna ada ya usajili, kitambulisho cha mwanafunzi, ovaroli na buti za kazi, glavu, unga na siagi, nywele bandia na kichwa cha kufanyia mazoezi ya ususi, bima ya ajali kwa wanaokwenda mafunzo ya kazini, na ada ya mtihani ambayo mara nyingi hulipwa mbali kabisa. Nauli nayo ni karo. Tuseme ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi: kwa siku 30 za masomo ni 6,000. Kozi ya mtaani kwako iliyo ghali kwa 4,000 bado ni rahisi. Omba orodha yote kwa maandishi, katika barua ya kupokelewa, pamoja na jibu la swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: darasa lisipojaa itakuwaje? Kozi nyingi za likizo hazianzi hadi idadi fulani ifike. Tarehe husogezwa wiki, kisha wiki nyingine, hadi likizo inaisha. Kama barua haisemi pesa zitarudishwa lini na kiasi gani, hazitarudi.

Malipo yaende kwenye akaunti au namba ya malipo ya taasisi iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Mkufunzi anayesema “nitumie kwa simu yangu nikushikie nafasi” anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Mwambie nafasi ishikwe na risiti.

Kwa fundi aliyekwisha kujua, na kwa aliyeajiriwa

Fundi wa jua kali aliyefanya kazi Kamukunji miaka minane hana sababu ya kukaa darasani wiki sita akifundishwa kukata bati. Anachohitaji ni karatasi. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni kujisajili kwa mtihani wa gredi wa NITA, ambapo hufanya kazi ya mkono mbele ya mtahini na kujibu maswali ya nadharia. Wengi huangushwa na nadharia: vipimo, majina ya vifaa, usalama kazini. Kwao kozi fupi ya kujiandaa, hata ya wiki mbili, ina faida kuliko kozi nzima. Ya pili ni utambuzi wa ujuzi wa awali, mpango unaosimamiwa chini ya KNQA. Mwombaji huenda kituo kilichoruhusiwa, huelekezwa, hukusanya ushahidi kama picha za kazi, risiti na barua za wateja au waajiri, kisha hutathminiwa kwa kutazamwa akifanya kazi na kuhojiwa.

Aliyeajiriwa ana mlango mwingine ambao wafanyakazi wengi hawaujui. Mwajiri hulipa NITA ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni yenye watu 40 hulipa 24,000 kwa mwaka. Mwajiri huyo anaweza kudai fidia ya gharama za kumfunza mfanyakazi wake, mradi mafunzo yaliidhinishwa na NITA kabla hayajaanza na yametolewa na mkufunzi aliyesajiliwa nayo. Neno zito hapo ni “kabla”. Madai mengi hufa kwa sababu ofisi ya wafanyakazi ilipeleka karatasi mtu akiwa tayari amerudi na cheti. Ukiona kozi ya Agosti inayokufaa kazini, anza kuongea na ofisi hiyo Juni.

Siku ya kujisajili

Jina ndilo kosa dogo linaloleta hasara kubwa. Andika jina lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Mtu aliyeandikwa majina matatu kwenye kitambulisho, mawili kwenye cheti cha KCSE na la ubatizo tu kwenye fomu ya chuo atakuja kula viapo kwa wakili kueleza kuwa hao wote ni yeye. Fomu ikijazwa na karani kwenye kompyuta, geuza kioo uisome kabla hajabonyeza.

Kisha uliza tarehe ya mwisho ya kusajiliwa kwa mtihani, si tarehe ya mtihani. Mabaraza hufunga usajili mapema, na mwanafunzi aliyelipa karo yote lakini akachelewesha ada ya mtihani hupelekwa msimu unaofuata. Chuo kikikwambia umeshasajiliwa, omba namba yako ya usajili pamoja na jina la baraza, uziandike.

Vyeti hutoka wiki au miezi baada ya kozi, na vingi hubaki kwenye kabati la ofisi kwa sababu wenyewe walibadilisha namba za simu. Acha namba mbili. Siku ya kuchukua nenda mwenyewe na kitambulisho cha taifa, uhakikishe huna deni la ada, na usisaini daftari la makabidhiano kabla hujasoma jina, fani na ngazi kwenye karatasi yenyewe. Kosa lililoonekana ukiwa bado kaunta hurekebishwa na chuo. Ukishasaini na kutoka, utalifuatilia mwenyewe hadi ofisi za baraza.